Visanduku Kumi na Kimoja

Mama mwenzangu, ukiletewa fomu ya shule, weka chini sindano kwanza. Huyu mshonaji hakuiweka, na ndipo yote yalipoanzia.

Alikuwa anashona sare za shule sebuleni kwake. Mwenyewe aliishia darasa la saba, na katika miaka ile saba alijifunza jambo moja lisilomtoka: mwalimu akikuwekea vema, umepata, ukiacha nafasi tupu, utachapwa. Basi binti yake wa darasa la nne, aliyeitwa Nukta kwa udogo aliozaliwa nao, alipomletea fomu kutoka ofisi ya elimu, mama alikuwa na pini tatu mdomoni.

"Mama, mwalimu kasema uweke vema panapotuhusu."

"Panapotuhusu ndiyo wapi? Fomu si yetu yote?"

Palikuwa na visanduku kumi na kimoja. Akavitia vema vyote, kimoja baada ya kingine, na moyo ukamtulia kama mtu aliyemaliza mtihani kabla ya kengele.

Wilaya yao ya elimu ilikuwa ndogo. Shule tatu za msingi, watoto mia moja arobaini na wawili. Ukiwapanga mstari hawafiki sokoni. Matokeo ya mtihani yalipobandikwa getini, wazazi walisongamana kusoma jedwali lililowagawa watoto kwa makundi kumi na moja ya ile fomu, matano yakiwa na mtoto mmoja tu. Mapacha: mwanafunzi mmoja, waliofaulu asilimia mia. Watoto wa mabaharia: mmoja, asilimia mia. Wavaa miwani, waliohamia mwaka huu, wanaosikia kwa sikio moja: mmoja mmoja, asilimia mia. Wilaya iliyozoea kushika mkia ikaruka hadi nafasi ya pili.

Mwalimu mkuu alikuja kwa mguu hadi kwa mshonaji kumpa mkono.

"Hongera, Mama Nukta! Umetuzalia makundi matano!"

"Nilizaa mmoja, Mwalimu. Tena kwa taabu."

Walicheka wote. Baba Nukta alicheka kuliko wote, maana yeye ni fundi wa pampu za maji na hata mtumbwi hajawahi kuupanda.

Wiki ya pili akaja karani wa takwimu, kijana mwenye kalamu nne mfukoni. Huyu hakucheka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti, toa hicho kitambaa."

"Mama, mtihani ujao Nukta akifeli, makundi matano yanaanguka kutoka mia hadi sifuri kwa siku moja. Tukirudi mkiani, safari hii shule yetu inafungwa. Watoto watakwenda ile ya ng'ambo ya reli. Saa moja na nusu kwa mguu."

"Basi yafute hayo makundi. Nilikosea mimi."

"Hayafutiki. Mtoto hutoka kwenye kundi kwa kuhama tu."

"Sasa mtu anahamaje upacha?"

"Ndiyo maana nasema hayafutiki." Akafungua daftari. "Halafu huyo pacha mwenziwe yuko wapi? Tumeshamwandika mtoro siku arobaini."

Kuanzia hapo Nukta akawa yai la wilaya. Kuruka kamba, marufuku, asije akavunja mkono. Mwalimu wa michezo ndiye aliyembebea begi. Mwalimu wa hesabu aliinama kumsemea kwenye sikio moja, kwa sauti ya kuamsha mtaa, na mtoto mwenyewe masikio yote mawili mazima! Walimtafutia fremu ya miwani isiyo na vioo, avae mkaguzi akija. Kazi za nyumbani alipewa nakala tano, kila kundi na yake, na zote azijaze kwa mwandiko wake. Baba mtu aliitwa darasani kusimulia bahari. Akasimulia pampu. Wakaandika kuwa ni pampu ya meli.

Nyumbani mtoto akaanza kuacha chakula. Akatafuna kucha zikaisha, akahamia kwenye kola ya sare. Asubuhi moja mama alimkuta mbele ya kioo, amevaa ile fremu.

"Mama, nikikosa swali la tano, tunafeli wangapi?"

Hilo "tunafeli" lilimchoma mshonaji kuliko sindano yoyote iliyowahi kumpita kidoleni. Akamvua miwani, akamkalisha, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko kama mtoto wa mwaka mmoja. Kichwani alikuwa anahesabu: mtihani ulibaki mwezi, na fomu za muhula mpya zilikuwa zinatoka Jumatatu.

Jumatatu hiyo kina mama wa shule zote tatu walianza kumletea watoto wapimwe sare, kama kila muhula. Kila aliyeingia alipimiwa mtoto na kunong'onezwa jambo.

"Tia vema kote, dada."

"Kote? Hata ubaharia?" aliuliza mwoka mikate. "Mume wangu anaogopa hata beseni!"

"Kote. Mwanangu yuko peke yake mle ndani. Nisaidieni aingie na wenzake."

Mwoka mikate akamtazama Nukta aliyekuwa anatafuna kola pembeni. Akaomba kalamu.

Mtihani ukafanyika, matokeo yakabandikwa. Mapacha: wanafunzi mia moja arobaini na wawili, waliofaulu asilimia sitini na moja. Watoto wa mabaharia: hao hao, sitini na moja. Jedwali zima namba ile ile, kutoka juu hadi chini. Wilaya ikatulia katikati ya orodha na shule haikuguswa. Nukta alipata thelathini na nane. Alifeli kabisa, na hakuna aliyemtazama mara mbili. Mama yake alipotoka getini alimkuta anaruka kamba na watoto wa ng'ambo ya barabara, anahesabu kwa sauti, anakosea, anaanza upya.

Mshonaji alisimama pale akatokwa na machozi ya raha. Laiti yangeishia hapo.

Siku ya tatu lori lilisimama mlangoni kwake. Karani akashuka na barua. Ofisi ilipongeza wilaya kwa usawa wa makundi usiopata kuonekana, ila ilisikitishwa na watoro mia moja arobaini na wawili, wote pacha. Madawati yao yalikuwa njiani. Vitambaa ndivyo hivi, ashone sare.

"Nishone kwa vipimo vya nani?" akauliza mshonaji.

"Mama, ni mapacha," akasema karani. "Vipimo si unavyo?"

Kisanduku kitupu hakimchapi mtu, mama mwenzangu. Kiache kitupu, ukalale.

Yeye hakulala mchana ule. Alisogeza cherehani dirishani, anapomwona Nukta na kamba yake, akakata sare ya kwanza kwa vipimo vya binti yake. Upindo wa chini akauacha mrefu kidogo, maana huyo mwingine naye atakua.