Jina Linalotoka

Hakuna mtu kwetu aliyeniita Ann. Ann nilijipa mwenyewe, siku Marete aliponiuliza jina sokoni Kanyakine nikinunua ndizi. Mimi ni Beverlyne. Sasa nani alimtuma mamangu achague jina la B? Hiyo herufi hunikaba koo mpaka macho yanitoke. Nikasema Ann, likatoka laini, naye akalipenda.

Miaka miwili sasa. Kwa Marete na mamake, ambao kwetu hawajafika, mimi ni Ann, mtu wa maneno machache. Hawajui kwamba kila sentensi naipitia kwanza kichwani nikitafuta nitakapokwama. Baba namwita mzee. "Bado" silitumii kabisa. Kuchoka kwenyewe, wacha tu!

Halafu fomu yetu ya ndoa ikataka jina la kitambulisho. Marete alishaweka sahihi. Nikajaza upande wangu, nikampelekea pasta, nikajiambia nitamweleza Marete kesho. Nikasema kesho, kesho, mpaka Jumapili ikafika.

Nilikaa benchi la tatu, mguu ukitikisika wenyewe. Pasta akasoma tangazo letu la kwanza la ndoa: "Marete Mutuma, wa hapa Kanyakine, na Beverlyne Gatakaa, wa Githongo. Mwenye pingamizi aseme."

Mama Marete akaruka kama ameumwa na siafu. "Pasta, ngoja! Huyo Beverlyne ni nani? Kijana wangu anaoa Ann!"

Wueh! Kanisa zima likageuka. Marete alinitazama, uso umemshuka. "Ann, ni nini hii?"

Nilitamani kutoka mbio mpaka Githongo. Lakini ningetoka, angebaki akidhani nina bwana mwingine mahali. Nikasimama.

"Mama, ni mimi. Mimi ndiye B... B-b-b..."

Likakwama. Midomo ikafungana, shingo ikakaza, wasichana wa kwaya wakaanza kucheka. Aibu ilinichoma mpaka masikioni. Pasta, kwa huruma zake, akanimalizia: "Beverlyne."

"Pasta, nyamaza!" Mama Marete akamkaripia. "Sikukuuliza wewe." Akanigeukia. "Na Ann ulilitoa wapi?"

"Ndilo li... linalotoka," nikasema, machozi nayo yakatoka.

Kicheko kilikatika. Marete aliacha safu ya wanaume akaja kusimama kando yangu. Hakunishika, hakunisaidia, alingoja tu. Mamake naye akangoja, mkoba kifuani.

"B-b-b... Be..." Nikavuta pumzi, nikarudi mwanzo. Ilichukua muda, haki, lakini nililitoa lote mwenyewe. "Beverlyne."

Pasta alikohoa, akauliza tena kama kuna mwenye pingamizi.

"Sina," Mama Marete akasema, akaketi. "Lakini tangazo la Jumapili ijayo, pasta, hilo jina usilisome wewe. Mwachie mwenyewe."

Marete akacheka, akanishika mkono. Mguu wangu ukaanza kutikisika upya.