Mashati ya Anísio

Mashati kumi na moja yalilazwa juu ya meza yetu ya kushonea, mikono imekunjiwa kifuani, mithili ya watu waliopitiwa na usingizi. Mgeni aliyeyaleta, mwanamke wa miaka arobaini hivi aitwaye Ivanete, alikuwa amesafiri kwa basi kutoka São Paulo siku nzima na usiku kucha. Alisimama akijifuta viganja kwenye sketi.

"Namtafuta Dona Deolinda," alisema. "Nimeambiwa bonde zima hakuna anayemfikia kwa mifarishi ya viraka."

"Nani huyo aliyekwambia?" Zulmira aliuliza. "Maana ungetuuliza sisi tungekwambia mengine."

Wanawake wote wanane tuliokuwa pale katika ukumbi wa kanisa tukacheka. Deolinda peke yake hakuinua macho.

"Baba yangu. Alifariki mwezi wa tano. Haya yalikuwa yake, nami nataka kujifunza kuyashona yawe mfarishi. Aliitwa Anísio Peixoto."

Sindano ya Deolinda ikaganda katikati ya kitambaa.

Hapa kwetu bondeni Jequitinhonha, msimu wa miwa ukifika wanaume walikuwa wakiondoka kwa malori kwenda kukata, nasi tuliobaki tukaitwa wajane wa waume walio hai. Anísio aliondoka mwaka 1981, Deolinda akiwa na miaka miwili ya ndoa. Alirudi msimu wa kwanza, akarudi wa pili. Wa tatu hakurudi, ila habari zake zilirudi: amepata mke mwingine, mtoto yu njiani. Deolinda hakulia mbele yetu. Alikusanya matambara, akatuita Alhamisi moja, akatwambia mwenye mikono miwili hana haja ya kukaa ameshika tama. Ndipo kikundi chetu kilipozaliwa. Kwa miaka arobaini hakulitamka jina la mumewe, nasi tukajifunza kuliruka kama watu warukavyo shimo walilolizoea njiani.

Zulmira, asiyejua kumeza neno, aliinuka. "Binti, funga mzigo wako. Aliyepaswa kuuleta ni yeye mwenyewe, angali hai."

"Zulmira," Deolinda alisema kwa upole, "mpe mtoto wa watu kahawa. Na vimkate vya jibini kama hujavimaliza."

Akavuta kiti, akaanza kuyapapasa mashati moja baada ya jingine. Vidole vyake vilifika kwenye shati la buluu lililofifia, vikasimama kwenye kola. Ilikuwa imefumuliwa na kugeuzwa ili upande uliochakaa ujifiche ndani, mishono midogo kama mbegu za ufuta. Hata mimi niliyeketi mbali niliujua mkono ule, wa Deolinda.

"Hili alilivaa lini?"

Ivanete aliinama kulitazama. "Hilo alilivaa akipaka nyumba rangi. Yote ile, ndani na nje."

Kweli, kifua kizima kilikuwa na matone ya kijani. Tulimtazama Deolinda, tukishindwa kuamua kama tumtazame au tusimtazame. Alilikwaruza tone moja kwa kucha. Halikubanduka. Kisha mabega yake yakatikisika, na ilichukua muda tukajua kwamba anacheka.

"Nilikesha siku mbili kwenye kola hii," alisema. "Haya. Kijani hiki kitakaa vizuri karibu na lile la njano. Lete mkasi."

Alimfundisha kama alivyotufundisha sisi, bila kumhurumia. Usikate mabegani, jasho limekwisha kuula uzi. Kata mgongoni chini, kitambaa bado kina uhai. Kilichochoka kishikize kwanza juu ya kipande cha gunia la sukari, kisibebe uzito peke yake. Chekundu kiloweke kwenye chumvi kisije kikawachafua jirani zake. Ukishavipanga, rudi nyuma hatua tano ufumbe macho nusu: kinachokupigia kelele kiondoe.

"Siku hizi wanauza vitambaa vilivyokwisha kupatanishwa rangi," alisema Ivanete.

"Nimeviona. Vizuri, havina ugomvi. Lakini mfarishi usio na ugomvi unafunika tu, hauzungumzi."

Waliyapanga mashati kwa miaka. Hapo nikaona alichokuwa akikiona Deolinda. La buluu lilikuwa la kijana mwembamba. Yaliyofuata yalipanuka tumboni. Baadaye kola zikaanza kupungua, mabega yakashuka, hadi la mwisho, la vifungo vikubwa vya kufungwa na mtu mwingine, ambalo lingemtosha mvulana. Maisha mazima yalikuwa yamelazwa mezani, na Deolinda aliujua ukurasa wa kwanza tu.

Saa ya kuondoka ilipofika tulikusanya vikapu, lakini Deolinda hakusogea. Zulmira alimwekea kahawa nyingine bila kusema neno, jambo lisilo kawaida yake. Mimi nilibaki kukunja mabaki, pengine kwa udadisi, sitaki kudanganya.

Deolinda alitunga uzi, akaunganisha buluu na njano, pigo baada ya pigo.

"Mvi," aliuliza, macho yakiwa kwenye sindano. "Zilimwanzia wapi?"

Ivanete alifikiri kidogo, akagusa nyuma ya sikio lake. "Hapa. Huku nyuma. Mwenyewe alikuwa wa mwisho kujua."

Deolinda alitikisa kichwa taratibu.

"Mimi miaka yote hii, nikimwaza amezeeka, nilimwekea mbele," alisema, akauvuta uzi.