Shamba Lililojichukulia Mapumziko

Dorotea alipofika shambani asubuhi, mumewe Revocatus alikuwa bado amelala kwenye tuta alipoangukia Jumatatu, jembe mkononi. Akamfukuzia siafu, akamfunika khanga, akachuma mlenda uliojiotea ubavuni pake. Shamba lilikuwa linahema polepole kama ng'ombe aliyeshiba. Ukilichuma, linakuacha. Ukilitia jembe, kabla ya jua kuzama linakulaza, na huamki.

Zamani huku Sengerema shamba lililochoka lililazwa, na kilichojiotea kilikuwa cha yeyote mwenye njaa. Kisha biashara ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba wakavuka na kivuko cha Kigongo, na Chenge, tajiri wa pamba, akajimilikisha ardhi ya kijiji katika mkutano ambao kijiji hakikuitwa. Tangu hapo udongo ule haukupewa hata msimu mmoja wa kupumzika.

Jumapili katekista Nathaniel alisoma Torati: Waisraeli waliamriwa waipumzishe nchi mwaka wa saba, maskini wale kinachojiotea, wakikataa, nchi itajichukulia mapumziko yenyewe. Watu wakaitikia amina. Kesho yake wakaenda kulima, maana asiyelima anafukuzwa na Chenge. Wengi sasa wamelala matutani.

Chenge alisimamisha gari barabarani. Hakuwahi kulikanyaga shamba lile, kwa hiyo halikumjua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu," akamwita mama kwa Kisukuma. "Mbona sehemu ya mumeo haijalimwa?"

"Si huyo amelala. Tuliache mwaka huu tu, mzee. Tutakula mlenda."

"Mlenda wa nani?" Chenge akacheka. "Umeota kwangu, ni wangu. Leo nazungusha seng'enge. Na Nathaniel mwambie, mnunuzi anataka pamba, hataki Torati."

"Naogopa, mzee."

"Basi ondoka. Nitaleta watu wa Nansio, kule kisiwani. Ila wale hawamjui mumeo, mayu. Watalima moja kwa moja, hata hapo alipolala."

Dorotea akaitazama shingo ya Revocatus. Akalitoa jembe mkononi mwake, akaanza kulima. Alimzunguka mumewe kidogo kidogo, akipasua mabonge yaliyo karibu na uso wake kwa vidole. Mchana akaanza kupiga miayo. Akajiuma mkono, akaendelea. Alipofika miguuni pa mumewe usingizi ukamchukua, akajilaza palepale.

Chenge akapiga honi. Akasubiri. Kisha akageuza gari, akaenda kutafuta wengine.

Watu wa Nansio walifika kesho yake jioni, wana nguvu, hawajala. Chenge aliwaonyesha mpaka wa shamba. Hakuwaonyesha pa kukwepa.