Mikono ya Saa Kumi

Cherehani ililetwa Jumatatu asubuhi nyuma ya gari la shule, imefungwa ndani ya blanketi kama mgonjwa. Dereva aliishusha kwa kuikumbatia, akaiweka juu ya meza ya fundi, kisha akasimama akijipangusa kutu kifuani. Ilikuwa cherehani ya mkono, nyeusi, ya zamani, yenye maua ya rangi ya dhahabu ubavuni. Maua yaliyobaki yalikuwa matatu. Miaka ishirini ilikuwa imekaa stoo, chini ya bati linalovuja. Fundi alishika gurudumu lake akajaribu kulizungusha. Halikutikisika.

"Mkurugenzi anasema isafishwe tu, ing'ae," dereva alisema. "Itakaa mapokezi, ndani ya kabati la kioo. Si lazima ishone."

"Mwambie mimi sipambi maiti. Ikitoka hapa, inashona."

Fundi huyo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na nane, na watu walimwita Bi Kutu. Mwanzoni walimwita hivyo kisogoni, baadaye usoni, na siku hizi hata yeye akipokea simu alisema, "Bi Kutu hapa." Kazi aliirithi kwa mumewe, aliyefariki na kuacha mezani cherehani kumi na moja zilizoganda. Bi Kutu alizifungua moja moja ili apate tu la kufanya baada ya matanga, na ile ya kumi na moja ilipokubali kuzunguka, akajikuta ni fundi. Hawakujaliwa mtoto. Chumba alicholala kilikuwa nyuma ya karakana, na zilikuwepo wiki ambazo sentensi ndefu kuliko zote alizotamka ilikuwa "njoo Alhamisi, itakuwa tayari." Aliongea na cherehani pia, lakini kwa adabu, bila kutegemea jibu.

Alianza na hii kama alivyoanza na zote. Alidondosha mafuta ya taa katika kila tundu, akaisogeza karibu na jiko ili chuma kipate joto, akaiacha. Asubuhi na jioni alishika gurudumu na kulisukuma kushoto kidogo, kulia kidogo, bila kulilazimisha. Alipofungua kibati cha chini ya sindano alikuta vumbi la nyuzi lililoshindiliwa mpaka likawa gumu kama soli ya kiatu: kaki, bluu, nyeupe, kaki tena. Alilichokonoa kwa sindano, akalimalizia kwa mswaki. Kitu kimoja alikitambua hapo. Aliyeitumia cherehani hii hakuwa mtu wa kushona siku moja moja. Alikuwa ameshona kutwa, kwa miaka mingi.

Siku ya kumi, Jumatano, gurudumu lilikohoa. Lilizunguka robo, likakwama, likazunguka nusu, halafu likazunguka lote. Bi Kutu aliipaka mafuta mapya, akatia uzi, akajaribu kwenye kipande cha kitambaa. Mshono ulitoka umenyooka. Alikuwa bado anautazama, mlango ulipobishwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kamili.

Ilikuwa mikono miwili, kuanzia juu kidogo ya viwiko. Ilisimama mlangoni kwa kimo cha mwanamke mfupi. Ilikuwa mikono ya mzee, mikavu, yenye mishipa, na ukucha wa kidole cha shahada cha kushoto ulikuwa umepasuka katikati, kama ukucha uliowahi kupitiwa na sindano. Mkono wa kulia ulinyooshwa. Bi Kutu alifuta mafuta kwenye aproni yake, akaupokea, akausalimu, kisha akavuta kigoda kwenye meza, ingawa hapakuwa na wa kukikalia.

Mikono ilifika kwenye cherehani, ikaipapasa kuanzia kichwani mpaka kwenye kitako. Ilikaza uzi kidogo, kwa sababu Bi Kutu alikuwa ameulegeza. Kisha wa kushoto ukageuza kiganja juu, ukasubiri. Bi Kutu akaupa kitambaa cha kaki kilichoachwa na mteja ambaye hakurudi. Wa kulia ukazungusha, wa kushoto ukaongoza. Jua lilipozama, mikono ilikunja kazi yake, ikafuta meza, ikaondoka.

Ikawa hivyo kila siku. Saa kumi mikono ilifika, magharibi ikaondoka. Mpaka Jumapili ilikuwa imeshona kaptula sita za shule, za vimo sita, ndogo mpaka kubwa. Ya nne ilikuwa na kiraka makalioni tangu ikiwa mpya. Bi Kutu alizoea kupika chai ya saa kumi kasorobo, ya mtu mmoja, na kuinywa akiangalia. Jumamosi ile, mkono wa kushoto uliacha kazi, ukamgusa shingoni. Kola ya gauni lake ilikuwa imefumuka. Mikono iliishona akiwa ameivaa, taratibu, bila kumchoma. Bi Kutu alikaa ameinamisha kichwa. Ilikuwa miaka sita tangu mtu amguse shingoni, na kola ilipokwisha hakunyanyuka haraka.

Jumapili magharibi alifunga karakana akaifuata mikono. Ilikwenda ukingoni mwa barabara kama mtu anayejua mji. Penye njia kuu ilisimama mpaka magari yakapita. Mwuza mikate aliipisha, akampisha na Bi Kutu. Nyuma ya mashine ya kusaga kulikuwa na safu ya vyumba vya kupanga. Mikono ilifungua mlango wa mwisho ikaingia.

Ndani, juu ya kitanda, alikaa ajuza mdogo wa umbo. Mikono mirefu ya gauni lake ilining'inia mitupu pande zote mbili. Ile iliyotoka kazini ilipenya humo, mmoja baada ya mwingine, na ajuza akakunja na kukunjua vidole.

"Leo imeniletea mgeni," alisema. "Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayenuka mafuta ya taa. Kila siku inarudi na harufu yako."

Bi Kutu alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Aliuliza kama inauma.

"Haiumi. Ilianza Jumatano. Saa kumi nikasikia vidole vinawasha, nikajua cherehani yangu imefunguka. Shida ni pua tu. Ikiniwasha kabla ya magharibi, navumilia."

Alieleza mengine bila kuulizwa, huku akijikuna pua. Alikuwa na miaka kumi na saba alipoitwa kwa dada yake, mjane mwenye watoto sita, wote wa kiume. Dada alikaa chumba cha mbele, akapokea wateja na kuwapima. Yeye alikaa chumba cha nyuma na cherehani. Sare za nusu ya mji zilitoka chumba hicho cha nyuma kwa miaka thelathini, na wale watoto sita walisoma mpaka wakamaliza. Wakajenga nyumba kubwa. Vyumba vikahesabiwa, yeye akazidi.

"Dada yangu alikuwa hodari sana wa watu," alisema. "Mteja akiingia amenuna, anatoka anacheka. Kutia uzi kwenye sindano ndiko hakujua."

"Na cherehani?"

"Ilibaki kwao. Niliomba, wakasema ni kumbukumbu ya mama yao."

Mkurugenzi alikuja kuitazama kazi Jumanne, saa kumi na nusu. Alikuwa mmoja wa wale watoto sita, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kuzoea vipaza sauti. Mikono ilikuwa kazini. Aliitazama kidogo, akatazama na ule ukucha.

"Mama mdogo," alisema. "Bado hajachoka?"

Mikono haikusimama. Yeye akasogea kwenye zile kaptula sita, akachukua ya nne bila kuambiwa, akaipima kwenye paja lake, akairudisha.

"Nimefika kwake," Bi Kutu alisema. "Anaishi nyuma ya mashine ya kusaga. Shule yako ina jina la mama yako na picha ya mama yako. Basi andika na lake, hata chini, kwa herufi ndogo."

Mkurugenzi akavuta pumzi. Hakukasirika.

"Fundi, nikuambie ukweli. Mama alikaa na sisi. Alitusimamia. Alituchapa, alituombea. Mji mzima unajua nani alitusomesha kwa cherehani hii. Hata wimbo wa shule umeshatungwa. Sasa nisimame mbele ya wazazi, niseme nini? Na mama mdogo mwenyewe hajawahi kulalamika."

"Hajawahi kuulizwa."

"Si mtu wa maneno, yule." Aliitazama tena mikono, safari hii kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande. "Inakuja kila siku?"

"Kila siku."

"Saa hii hii?"

"Saa kumi mpaka magharibi."

"Basi sherehe tutaiweka jioni," mkurugenzi alisema. "Gari litakuja kesho asubuhi."

Alipoondoka, Bi Kutu alichukua bisibisi. Ilikuwepo skrubu moja chini ya gurudumu. Angeikaza mizunguko miwili, cherehani ingeganda tena na fundi mwingine asingejua kwa nini. Aliiweka bisibisi kwenye skrubu, akaiondoa. Magharibi ilipofika aliifuata mikono mpaka chumbani, akamweleza ajuza alichotaka kufanya.

"Usiikaze," mama mdogo alisema.

"Wataiweka kwenye kioo. Watasema ni mikono ya dada yako."

"Nimesikia. Lakini miaka ishirini mikono hii imenikalia mapajani, naitazama, inanitazama. Iache iende kazini."

Gari lilikuja asubuhi. Dereva aliifunga cherehani ndani ya blanketi lile lile, akasifu inavyong'aa. Saa kumi siku hiyo hakuna aliyebisha mlango. Bi Kutu alikunywa chai yake akiutazama, mpaka ikabaki makapi.

Kesho yake, saa kumi kasorobo, alitundika kibao cha "Nimetoka," akafunga. Alimkuta mama mdogo kitandani, mikono ya gauni mitupu. Hakueleza alichofuata. Alipika chai kwenye jiko la mle ndani, akamnywesha kikombe, fundo moja moja, akimpangusa kidevu. Wakaongea habari za bati, za vifungo vya siku hizi vinavyovunjika hovyo. Keshokutwa yake akarudi, na siku zilizofuata. Wateja walipolalamika kwamba fundi hapatikani jioni, aliwaambia waje asubuhi.

Sherehe ilifanyika Ijumaa ya wiki iliyofuata. Toka chumbani kwa mama mdogo vipaza sauti vilisikika kwa mbali, sauti bila maneno, halafu makofi. Bi Kutu alikuwa amepita shuleni mchana, akayaona maandishi chini ya kabati: "Mikono ya Mama." Mlango wa kabati ulikuwa umeachwa wazi ili mikono iweze kuingia. Cherehani ilikuwa imewekewa kitambaa cheupe kizuri, na kwenye sindano hapakuwa na uzi. Alimwuliza mwalimu wa mapokezi, na mwalimu akasema uzi ungechafua picha.

"Wananishonesha hewa," mama mdogo alisema. Mabega yake yalikuwa yakicheza kidogo, kama ya mtu anayezungusha mkono. "Sindano inaingia, inatoka, hakuna kinachobaki. Ila gurudumu ni laini. Umelifungua vizuri."

"Asante, mama."

Bi Kutu akamimina chai. Mara mabega yakasimama, na ajuza akanyanyua uso.

"Kuna mtu ameushika mkono wangu. Kiganja laini, kikubwa, kina pete. Ananitikisa sana. Atakuwa mgeni rasmi."

Makofi yakasikika tena, marefu.

"Anasema jambo," mama mdogo alisema. "Nasikia linavyotetemeka kwenye vidole. Lakini mikono haina masikio. Atakuwa anasema nini?"

Bi Kutu alikuwa ameshika kikombe. Alikisogeza mdomoni mwake, akakiinamisha polepole ili chai isimwagike.

"Anashukuru," alisema.

"Haya," mama mdogo alisema, akanywa.