Kilima cha Kwedihembe Ukutani

Fausta alikuwa amechora simba wengi kuliko waliowahi kuzaliwa Korogwe, na yeye mwenyewe hakuwahi kumwona hata mmoja. Mwenye bucha alitaka simba. Mwenye gereji alitaka simba. Mama wa chekechea naye alitaka simba, ila awe anacheka. Wenye nyumba za wageni walikuwa na kichaa chao peke yao: wao walitaka maporomoko, bata weupe na mlima wa theluji, katika mji ambao shati linakauka kabla hujamaliza kulianika. Fausta alichora vyote hivyo, akapokea ujira, akarudi kwao Hale amenuna.

Mapenzi yake yalikuwa kwingine. Kila alipopata nafasi alipanda basi la Handeni, akashuka popote palipomvutia, akageuza ndoo yake kuwa kiti na kuchora alichokiona: ua la minyaa, mbuzi wanaogombea kivuli chembamba, mahindi yaliyokauka kabla ya kufika kiunoni. Udongo mwekundu wa huko aliuchekecha kwa khanga kuukuu akauchanganya na gundi ya seremala, maana aliapa kwamba hakuna duka linalouza rangi ile. Brashi zake nzuri alizitengeneza kwa katani, akiitafunatafuna ncha mpaka ilainike. Ujuzi wa katani aliupata kwa babu yake, Mnyamwezi aliyetoka Tabora kuja kukata mkonge na asirudi tena.

Picha hizo hazikupata mnunuzi. Watu walizitazama kwa huruma, wakamwuliza kwa upole, "Hii si njia ya shambani kwetu? Sasa mtu anunue kitu anachokiona bure?" Mama yake mzazi, Stefania, alifunika pipa la maji kwa picha mojawapo, akasema angalau hiyo imepata kazi.

Ndipo Awadhi alipomaliza kujenga ukumbi wake wa harusi na mikutano pale Korogwe. Awadhi alikuwa mtu mwema, asiyetaka kukosana na yeyote, hasa mwenye hela. Alimsimamisha Fausta mbele ya ukuta mkubwa ulio nyuma ya jukwaa, akamwambia amchoree mandhari ya asili.

"Asili ya wapi?" Fausta aliuliza.

"Asili tu, dada yangu. Maji yashuke, tausi watembee."

Siku hiyo Fausta alikuwa amewachoka tausi. Alisema atachora maji na tausi upande wa kushoto, lakini upande wa kulia achore anachotaka yeye, na kazi hiyo ya kulia ataifanya bure. Awadhi alifikiri kidogo, akakumbuka kwamba siku za harusi upande wa kulia utazibwa na maspika, akakubali.

Upande ule Fausta alikichora kilima cha Kwedihembe, kilichoko njia ya Handeni. Alipokuwa mdogo babu alimpeleka huko kutafuta asali, na walitembea chini ya miti tangu walipoingia mpaka walipotoka. Sasa kilima kilikuwa kipara. Alikwenda asubuhi nyingi kukitazama, akakileta ukutani kama kilivyo: visiki, matanuri ya mkaa yanayofuka moshi, na magunia yamepangwa kando ya barabara, midomo yake imeshonwa kwa kamba ya bluu. Alipomaliza alikaa chini akalia kwa furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa amechora vizuri kitu alichokipenda, na kwenye ukuta ambao watu wangeuona watake wasitake. Ukuta ule ukibaki salama, alijiambia, atawachora simba mpaka azeeke na hatalalamika tena.

Kuhusu ile kamba ya bluu, hakuwa na nia mbaya. Aliichora bluu kwa sababu ilikuwa bluu. Haikumpitia akilini kwamba Korogwe nzima inajua ni mkaa wa nani unaoshonwa kwa kamba hiyo.

Shughuli ya kwanza ukumbini ilikuwa mkutano wa Chama cha Kurudisha Misitu. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Sharifu Mhina, Mzigua wa kanzu na koti, aliyeijua misitu kuliko wanachama wote kwa sababu alikuwa ameuza mingi. Fulana za kijani ziligawiwa, miche ikapangwa mlangoni kwenye viriba vyake, na harufu ya pilau ikaanza kuwasumbua watu mapema. Mzee Mhina alisimama jukwaani, ukuta ukiwa mgongoni kwake, akauliza kwa uchungu ni watu gani hawa wasio na huruma wanaoviacha vilima vyetu uchi.

Mtu mmoja alinong'ona. Wa pili akaziba mdomo kwa fulana yake mpya. Kicheko kilitambaa mstari hadi mstari mpaka mzee akageuka kuangalia wanachokitazama. Aliyaona matanuri, akayaona magunia, akaiona kamba.

"Nani amechora uchafu huu?" aliuliza. Awadhi alikuwa akiyachunguza mapangaboi ya dari kama mtu anayetaka kuyanunua. "Ukuta huu upakwe chokaa sasa hivi, kabla watu hawajala."

Fausta alikuwa amekaa nyuma, amekuja kuwaona watu wakiutazama ukuta wake. Alitamani kujificha, lakini alipoona watu wameshaanza kutafuta chokaa kwa macho, miguu ilimpeleka mbele yenyewe.

"Shikamoo, mtani," alisema.

"Marahaba. Mtani wa nani?"

"Wako. Mimi Mnyamwezi, mjukuu wa wakata mkonge wa Hale. Wazee wangu, mmewahi kumwona Mzigua akimkasirikia Mnyamwezi? Babu zenu walitupokea na mizigo yetu kichwani, wakatutukana mpaka tukacheka. Huyu wangu sijui ni Mzigua wa dukani. Nimemchorea kilima bure, badala ya kunipa kuku ananipa chokaa."

Ukumbi ulilipuka. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani anaweza kuja msibani kwako akamsema marehemu wako vibaya, nawe ukamwekea chakula. Kumkasirikia mbele za watu ni aibu kubwa kuliko mkaa wowote. Mzee Mhina aliijua sheria hiyo vizuri. Uso wake ulipambana na wenyewe kwa muda, kisha akacheka, akakubali kwamba mtani amemweza. Fausta alishusha pumzi. Ukuta ulikuwa umepona.

Lakini haki ya mtani ni ya pande zote mbili, na hilo Fausta hakuwa amelifikiria. Mzee alizunguka nyuma ya spika, akatoka na kopo la rangi ya kijani iliyobaki kwa tausi, pamoja na brashi pana ya kupakia kuta.

"Mtani wangu macho yake yamezoea ukame wa kwao Tabora," aliwaambia watu. "Huku kwetu kuna miti. Ameisahau, ngoja nimsaidie."

Akabandika bonge la kijani juu ya kisiki. Watu walipiga makofi. Akabandika lingine, na lingine, akachomeka kichaka juu ya magunia na kamba yake, akaupaka moshi majani. Kina mama walipiga vigelegele. Na Fausta ilimbidi acheke. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na jirani yake akampigapiga mgongoni akidhani ni utani umemkolea, wakati mwanamke wa watu roho ilikuwa inamchanika.

"Leo tumepanda miti mingi kuliko mwaka mzima," mwenyekiti alisema alipomaliza, na kwa hilo hakusema uongo. Watu waliruka viriba vya miche mlangoni wakaenda kula.

Kesho yake Awadhi alimwita. Miti ya mzee ilikuwa imechuruzika, na jioni kulikuwa na harusi. Kuifuta hakuthubutu, alitaka inyooshwe tu. Fausta aliitikia, lakini ndani ya mkoba alikuwa na tambara na chupa ya mafuta ya taa. Rangi yake ilikuwa imekauka siku nyingi na ile ya mzee ilikuwa bado inanata. Angeifuta yote, kilima kirudi, na Awadhi afanye atakalo.

Alilowanisha tambara, akalisogeza kwenye mti wa kwanza. Ulikuwa mti mbaya kweli. Shina lilitokea ubavuni, na kivuli kilikuwa upande uleule wa jua. Hilo la kivuli lilimuudhi. Aliona auwekee kivuli sawasawa mti huo mmoja tu kabla ya kuufuta, kwa heshima ya kazi, akachukua brashi ya katani. Shina nalo likataka magome, kwa sababu mninga bila magome yake si mninga. Mti wa jirani sasa ulionekana kama kijiko.

Wapishi wa harusi walipoanza kuingiza masufuria, Fausta alikuwa akimalizia mdomo wa hondohondo kwenye tawi la juu. Mwanga ulipenya katikati ya majani ukaanguka chini kwa madoa, vilevile kama siku ile ya asali. Alikuwa hajawahi kuchora miti mizuri kiasi kile.

Awadhi alikuja akasimama nyuma yake. "Sasa hapo," alisema taratibu, "hapo ndipo Kwedihembe yenyewe."

Fausta alitafuta kisiki kwa macho, hata kimoja, akakosa. Cha mwisho alikuwa amekifunika yeye, kwa mkono wake, vizuri sana.