Feni Mlangoni kwa Saima

Siku hiyo Saima aliamka moyo ukimdunda kama msichana anayesubiri wachumba. Alikuwa mjane wa miaka sabini na sita, na leo nyumba yake ya magogo ilikuwa inapimwa pumzi.

Mambo yalianza majira ya baridi yaliyopita, mwanawe Jouko alipomkuta amelala jikoni ubavuni mwa jiko la matofali, kofia ya manyoya kichwani. Chumbani kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na moja. Jouko hakumgombeza, alikwenda zake mjini Seinäjoki akamtafutia fleti. Saima akagoma. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa, mwishowe wakapatana: nyumba izibwe, kisha mpimaji aje. Kipimo chake cha hewa inayovuja kikisoma chini ya tano, mama anabaki. Kikizidi, Jumatatu anahama. Wakapeana mikono, na kule Finland mkono ukishatolewa hakuna maneno tena.

Basi wiki tatu walifanya kazi kama siafu. Jouko alimwaga darini magunia arobaini ya magazeti yaliyosagwa yakawa laini kama pamba. Saima alibandika utepe wa karatasi kuzunguka kila dirisha, ncha ya ulimi imemtoka kwa umakini.

Saa nne asubuhi mpimaji akafika, binti mchangamfu aitwaye Outi. Alifunika mlango wa mbele kwa turubai jekundu, katikati akaweka feni kubwa kama gurudumu la trekta.

"Hii inavuta hewa ya ndani kuitoa nje," akaeleza. "Ya nje itaingia kwa fujo kila penye upenyo. Majivu ya jiko mmeyatoa?"

"Tayari," akasema Jouko.

"Washa, binti, washa!" Saima akahimiza.

Feni ikanguruma. Mara mlango wa jiko ukafunguka paa! Wingu la majivu likaruka chumba kizima, likatua kwenye kahawa, kwenye mikate mitamu ya iliki, na kwenye ndevu za Jouko.

"Zima! Zima!"

Wakatazamana, wote watatu weupe kama mizimu.

"Umesema tayari, we Jouko!"

"Niliyatoa jana, mama!"

"Na hii mikate ya mgeni niliyooka leo alfajiri, niliioka kwa jua?"

Outi alicheka mpaka machozi yakamchora mistari mashavuni. Akaubandika mlango wa jiko kwa utepe, akawasha feni tena, akainamia kipimo. Kicheko kikamkauka.

"Sita nukta mbili."

Jouko alijipangusa ndevu taratibu. "Mama," akaanza, "ile fleti ina dirisha zuri la kusini..."

"Nyamaza kwanza."

Saima alikuwa ameshika ufagio, maana akiona majivu sakafuni mkono humwasha. Lakini hakufagia. Alisimama akikodolea macho kabati la vyombo. Sakafu nzima ilikuwa ya kijivu, ila chini ya kabati palitoka njia moja safi, nyembamba, kama mtu amekwishafagia. Na majivu ya kando yake yalikuwa yanakimbia.

"Nani kafagia hapa?"

"Hakuna," akasema Outi.

"Basi upepo ndio umefagia! Jouko, sukuma kabati!"

"Na sahani zote hizi ndani?"

"Sukuma, baba, sahani nitanunua nyingine!"

Kabati likasogea likilia. Nyuma yake, kati ya gogo la chini na la pili, palikuwa na mwanya wa kupitisha kiganja. Waya wa simu ya zamani ulipong'olewa, hakuna aliyekumbuka kuziba, na ndege walikuwa wamechomoa kijazio chote cha kati ya magogo kwa nje wakajengee viota. Baridi ilitoka pale kama maji ya bomba.

"Tumeishi na shimo hili miaka!" Jouko akapiga kelele, na sasa hata yeye macho yalimng'aa. Alikimbilia bandani akarudi na nyuzi za kitani. Saima akapiga magoti akashika patasi ya mti, mwanawe akagonga nyundo.

"Tano nukta nane!" Outi akaita. "Tano na nne! Gongeni! Tano na moja!"

Hapo kikagoma. Waligonga mpaka nyuzi zikaisha. Tano na moja ile ile.

"Si inatosha, mama," Jouko akasema. "Imebaki kidogo tu."

"Mkono nilikupa wa chini ya tano. Usinihurumie."

Saima akajilaza kifudifudi, akatambaa akiburuza shavu juu ya mbao za sakafu, mwanamke wa umri ule, sketi imejaa majivu. Kwenye mfuniko wa shimo la kuhifadhia viazi chini ya sakafu akasita ghafla.

"Hapa! Hapa pananilamba!"

Outi akamrushia utepe. Saima akauzungusha pembe zote nne, akaukandamiza kwa vidole gumba, halafu akafumba macho.

"Nne nukta saba," akasema Outi.

"Rudia!"

"Nne nukta saba, mama!"

Yowe alilotoa Saima lilimfanya mbwa wa jirani aanze kubweka. Akamkumbatia Outi, akamkumbatia Jouko, wote wakakohoa. Jouko akatoa simu hapo hapo akampigia mwenye fleti.

"Mama yangu hahami," akasema. Akasikiliza. "Hapana, bwana, hajafa. Yupo hapa anacheza dansi na ufagio."