Mvua ya Kikombe

Kaka yangu analipwa kukamata waongo. Ni mkaguzi wa madai katika kampuni ya bima: ukimpelekea pikipiki iliyoungua, anainama, ananusa, anakuambia kama moto ulianza wenyewe au ulisaidiwa. Nyumbani pia ananusa. Nikisema nimeishiwa sabuni ya kuoshea wateja nywele, anakwenda kuitikisa chupa kwanza. Kwa hiyo mjue tangu mwanzo kwamba mambo haya yalifanywa na mtaalamu.

Yalianzia shuleni kwa binti yake. Ana miaka tisa na tunamwita Kamishna, kwa kuwa tangu ajue kusema hajawahi kuuliza swali moja likaishia hapo. Mwalimu wao aliwaonyesha tovuti ya watoto kuhusu ardhi, hali ya hewa na anga za juu, iliyotengenezwa na idara ya hali ya hewa, na Kamishna akahamia humo na virago vyake vyote. Ikawa tukila tunaelezwa volkano inavyopumua. Nikimsuka, ananifundisha kwa nini mwezini hakuna upepo, huku anatikisa kichwa mpaka mstari unapinda. Simu yangu, niliyoinunua kwa jasho langu ili wateja wanipate, ikawa mali ya sayari ya Zohali.

Ndani ya tovuti hiyo kulikuwa na kazi inayoitwa Wapima Mvua Wadogo. Mtoto anakata chupa ya plastiki, anaigeuza shingo yake iwe mdomo wa kupokelea, anabandika rula ubavuni, anaiweka uani mahali pasipofunikwa. Kila asubuhi kabla ya shule anasoma kipimo na kukiandika kwenye tovuti, na katuni moja ya wingu lenye mashavu, Mama Wingu, inampigia makofi. Kisha anapewa cheo, na hapo ndipo walipoharibu. Cheo hakikufuata bidii ya mtoto, kilifuata wingi wa mvua. Ukipata kidogo unaitwa Tone, ukizidi unakuwa Kijito, halafu Mto, halafu Ziwa. Aliyepanga hivyo bila shaka anaishi mahali ambapo mvua inapiga hodi kila wiki. Sisi tulikuwa kwenye ukame. Mabomba yalikuwa yanakohoa upepo mtupu, maji tunaletewa na lori la idara ya maji, na mimi kwenye saluni yangu ya chumba cha mbele nilikuwa namwosha mteja kichwa kizima kwa maji ambayo zamani yasingetosha kusukutua kinywa.

Kamishna hakujali. Kila asubuhi aliinama, akafumba jicho moja, akasoma sifuri, akaiandika sifuri yake kwa adabu zote. Cheo chake kikawa Vumbi.

"Vumbi?" kaka akauliza siku alipokiona kwenye simu. "Mwanangu mimi ni Vumbi?"

"Ndicho cha kuanzia, baba. Mvua haijanyesha."

"Na mtoto wa fundi friji?"

"Yeye ni Kijito."

Fundi friji ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kaka alitoka uani, akaangalia anga letu, akaangalia anga la fundi friji. Lilikuwa anga lilelile, jeupe, kavu, halina hata kiraka cha wingu. Mtu yeyote angejua kilichotokea, na mkaguzi wa bima angejua haraka zaidi. Lakini hakwenda kumwita jirani mwongo. Alinyamaza, na kaka yangu akinyamaza ujue kuna jambo linapikwa.

Kesho yake alfajiri nilimkuta uani, taulo kiunoni, kikombe cha chai mkononi, anamimina maji kwenye chupa ya mtoto taratibu. Mengine aliyanyunyiza juu ya jiwe la pembeni ili ushahidi ukamilike.

"Kaka, hayo ni maji ya kunywa."

"Nyamaza wewe. Mtoto anakata tamaa."

"Mtoto gani? Huyo anayekoroma huko ndani?"

"Nimesema nyamaza. Apande cheo kimoja tu, naacha."

Nikanyamaza. Nyumba ni yake, na saluni yangu imo ndani ya nyumba yake.

Kamishna alipokuta maji kwenye chupa alipiga ukelele nikadhani ameumwa na nyoka. Alitukokota wote tukaone. Akaligusa jiwe. Akauliza nani aliisikia ikinyesha, ilitokea upande gani, na kwa nini bati la choo lina vumbi lilelile la jana. Baba yake akamwambia ilikuwa mvua nyepesi, ya kupita. Akaridhika. Hilo ndilo lililonikera: mtoto ambaye mimi nikimwambia chai ni ya moto lazima achovye kidole, kwa baba yake aliridhika papo hapo. Akaandika kipimo, Mama Wingu akapiga makofi, na Vumbi akawa Tone.

Cheo kimoja hakikutosha, kama mlivyokwisha kukisia. Fundi friji naye si mtu wa kukubali kuachwa nyuma, na mtoto wake akapanda hadi Mto. Kaka akajibu. Wakawa wanakutana alfajiri, kila mmoja upande wake wa ukuta, wanasalimiana kwa heshima zote.

"Umeamkaje, jirani?"

"Salama. Mvua ya jana uliionaje?"

"Ah, ilikuwa nzuri."

Na kila mmoja ameficha kikombe nyuma ya mgongo.

Siku moja maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha, kaka akachota kwenye ndoo yangu ya saluni, ile ya kusuuzia. Asubuhi Kamishna alinijia amekunja uso.

"Shangazi, mvua yetu ina povu."

Nikajifanya natafuta kitana. Yeye akamwandikia Mama Wingu kuuliza. Jibu likaja jioni: swali zuri sana, huenda hewa ya kwenu ina uchafu, endelea kuchunguza! Kamishna akaenda kuwatangazia wenzake wafunge vitambaa puani. Darasa zima lilifunga, na mwalimu wao pia.

Muda si mrefu lori la maji likaacha kuja.

Mwanzoni tulisema limeharibika. Ndoo zilipangwa mtaani tangu asubuhi, zikalala hapohapo. Wiki iliyofuata tulilisikia likinguruma kuelekea mtaa wa pili, likatupita hivihivi. Nikafunga saluni. Huwezi kumpaka mtu dawa ya nywele halafu umwambie asubiri maji yatakapopatikana, atakwenda nyumbani na upara. Majirani wakamtuma kaka akalalamike, kwa kuwa anajua kuzungumza na maofisa, na fundi friji amsindikize. Mimi nilikwenda kwa hasira zangu mwenyewe.

Kwenye ofisi ya maji tulihudumiwa na mama mmoja mwenye miwani, nyuma ya kaunta iliyojaa vikombe vikavu. Kaka akaanza kwa sauti yake ya kazini: mtaa umesahaulika, watoto wana kiu, huu ni uzembe usiovumilika. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatugeuzia skrini.

"Mtaa wenu haujasahaulika," akasema. "Mtaa wenu umenyeshewa. Angalieni wenyewe."

Ramani ya mji mzima ilikuwa na rangi ya mkate ulioungua, isipokuwa mtaa wetu. Mtaa wetu ulikuwa wa buluu, na juu yake Mama Wingu anacheka mpaka macho yamepotelea kwenye mashavu.

"Vipimo vyetu viliharibika mwaka jana," yule mama akaeleza, "kwa hiyo tunatumia vya watoto. Tena ni vizuri kuliko vyetu. Mtoto adanganye ili apate nini? Huyu hapa anajiita Kamishna, hajakosa hata siku moja. Mnamjua ni wa nani?"

Fundi friji akagundua kuna kitu cha kutazama kwenye feni ya darini. Kaka akashika kikombe kimoja cha pale kaunta, akakirudisha. Nikamtazama, mtu aliyewahi kuwanyima wajane fidia kwa sababu tarehe mbili hazikulingana, nikasema moyoni leo umeshikwa pabaya.

"Ni wangu," akasema mwishowe.

"Hongera sana, baba."

Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia shida ya mwingine, kama kipimo kikiwa na kasoro kinafutwa vipi. Yule mama akamwambia ni mtoto mwenyewe tu anayeweza kukifuta, kwa neno lake la siri.

"Walipanga hivyo makusudi," akasema, "ili watu wazima wasiingize mikono yao kwenye kazi ya watoto."

Maji, basi, tungeyapata mara moja, ila ilibidi amwambie mtoto. Na kaka yangu, asiyemwogopa bosi wala mwizi, anaogopa jambo moja tu duniani, nalo ni siku binti yake atakapoacha kumwamini. Aliniambia hivyo njiani, wazi kabisa, macho yamemlowa. Nikamhurumia kwa mara ya kwanza tangu ashike kile kikombe.

Huruma yenyewe haikufika mbali. Alipoingia ndani tu akamwambia binti yake kwamba kipimo kimeharibika, inabidi wafute kila kitu.

"Kimeharibika wapi?" Kamishna akaleta chupa, akatia maji kidogo, akasoma, akaongeza, akasoma tena. "Mbona kizima?"

"Labda ile mvua haikuwa mvua ya kawaida."

"Labda gani, baba?"

"Mwambie," nikasema. "Au nitamwambia mimi, na mimi nitaanzia kwenye taulo."

Kaka akachuchumaa mbele ya mwanawe, akamwambia yote. Nilitazamia kilio, nikawa nimeshaandaa kanga ya kumfuta. Kamishna hakulia. Aliuliza maswali.

"Ile ya kwanza?"

"Ni mimi."

"Iliyonipa Mto?"

"Mimi."

"Ya povu?"

"Mimi. Maji ya shangazi yako."

Akafikiri. "Lakini nilikuwa naomba kabla ya kulala," akasema. "Namwomba Mungu inyeshe tena, na wewe unaitikia amina."

Kaka akakaa sakafuni. Nami sikuwa na mzaha wa kumsaidia, na mimi huwa sikosi.

Alifuta vyote jioni hiyo, kimoja kimoja. Kisha akaenda kwa fundi friji, akazungumza na mwenzake nje ya mlango kwa dakika chache, na sisi tukamsikia yule mtoto akimwita baba yake kwa sauti ambayo haikuwa ya kuomba pipi. Mtaa wetu ukageuka rangi ya mkate kama mitaa mingine, na lori likaja kwa zamu yake. Majirani walimshika kaka mkono barabarani. Walisema ndiyo faida ya kumtuma mtu anayejua kuzungumza na maofisa.

Nyumbani hakuna aliyemshika mkono. Kamishna hakumkosea adabu: alimwamkia, akamletea viatu, akamjibu alipoulizwa. Ila baba akisema nje kuna baridi, mtoto anatoka kwanza kuhakikisha. Akisema saa imefika, anakuja kuniuliza mimi. Kaka akawa anajikaza, lakini nilimwona akikonda usoni.

Mvua ikaja Jumamosi mchana, bila kutangazwa na Mama Wingu wala mtu mwingine. Tulisikia bati likigongwa hapa na pale, halafu likafunikwa lote, hatusikilizani. Mtaa mzima ukamwagika nje na ndoo, sufuria, mabeseni. Fundi friji alitoka kifua wazi. Mteja wangu alitoka na kichwa kilichosukwa nusu, nami nikamfuata nikiwa nimeshika nusu ya pili, tunacheka kama wendawazimu.

Kaka akaja mbio kutoka chumbani. "Kamishna! Mvua! Mvua ya kweli!"

Alikuwa ameshaiona. Alikuwa ameimwaga chupa yake, akaikung'uta, akaipitisha getini mpaka katikati ya barabara, mbali na ukuta wetu, mbali na madirisha na kila mlango. Akaisimamisha juu ya kopo la rangi. Baba yake alikuwa amefika kizingitini.

"Baba, simama hapohapo."

Akasimama.

"Mikono yako niione."

Kaka akacheka. Tulicheka wote, fundi friji akajishika tumbo. Kamishna hakucheka. Alibaki amesimama kati ya chupa na baba yake, maji yanamtiririka puani, anamtazama tu, anasubiri.

Kaka akainua mikono. Akakaa hivyo mlangoni, mkavu peke yake mtaa mzima, mpaka mvua ilipokatika.